Niling'olewa jino lisilo na kosa

Januari 2022 madereva wa malori waligoma hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakikataa kulipia kipimo cha korona. Foleni ikarudi nyuma kilomita na kilomita ndani ya Kenya, na huko Kampala petroli ikapanda bei. Mimi kazi yangu ni wakala wa kupitisha mizigo. Nilikuwa na trela tisa kwenye foleni ile, na wenye mali wakinipigia simu tangu alfajiri: "Mama, mzigo wangu uko wapi?" Utadhani nimeuficha uvunguni mwa kitanda.

Wiki hizo ndipo upande wa kulia wa uso ulipoanza kuniuma. Kwanza sikio, halafu gego la chini, halafu panja. Nikaenda kliniki moja, nikaonyesha gego, wakaling'oa kwa shilingi 50,000 za Uganda. Walinipa jino langu limefungwa kwenye karatasi, na nyumbani nikaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha: jeupe, zima, halina hata doa. Shimo lilipona. Maumivu yakabaki palepale.

Mume wangu naye alianza kulalamika kwamba usiku nasaga meno kama mtu anayesaga mtama kwenye jiwe. Mama mkwe aliposikia akaniletea dawa ya minyoo. Nilikunywa, kwa heshima. Kwetu mtu akisaga meno usingizini, minyoo ndiyo inayoshtakiwa kwanza, na sijui imetumika dawa kiasi gani katika kesi ambazo minyoo hawakuhusika.

Aliyenifungua macho ni daktari wa meno mmoja kule Mbale. Hakuanza na meno. Aliweka vidole vyake kwenye mashavu yangu yote mawili akasema, "Uma meno. Legeza. Uma tena." Kisha akabonyeza. Niliruka kwenye kiti. "Dada," akasema, "kinachouma ni huu msuli. Jino lilikuwa shahidi tu."

Jaribu mwenyewe unaposoma hapa. Weka vidole shavuni, karibu na pembe ya taya, ukaze meno. Utasikia kitu kinavimba chini ya ngozi. Huo ndio msuli mkubwa wa kutafunia, unaoshuka kutoka mfupa wa shavu hadi pembe ya taya. Mwenzake umetandaa kwenye panja kama kipepeo cha kupepea jiko, na ndiyo maana wengi tunaosumbuliwa na taya tunameza dawa za kichwa. Kiungo chenyewe kiko mbele kidogo ya sikio, na ndani yake kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza kila unapofungua mdomo. Kisahani kikihama kidogo ndipo unasikia "ka!" unapopiga mwayo. Mlio huo peke yake, bila maumivu, hauhitaji matibabu. Hilo niliambiwa na nikashukuru, maana langu linalia mpaka leo.

Jambo ambalo sikuwahi kulijua, na umri wangu huu, ni kwamba meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana ukiwa umetulia. Yanakutana unapotafuna na unapomeza, basi. Muda mwingine wote midomo imefungwa, lakini kati ya meno kuna nafasi ya milimita 2 hadi 4. Mimi niliyagusanisha kutwa. Sikuyang'ata kwa nguvu, niliyaegemeza tu huku macho yako kwenye kompyuta na sikio kwenye simu. Msuli usiopumzika saa nane mfululizo, hata kama unafanya kazi nyepesi, jioni utakudai.

Watafiti wanaopima mambo haya hubandika vipande vidogo vya kunasia umeme kwenye shavu na panja, kwa sababu msuli ukifanya kazi hutoa umeme kidogo. Mtu akipewa jambo la kumsumbua akili, msuli wake mara nyingi huamka ingawa hatafuni chochote. Wengine waliwapa watu vifaa vya kuwaita mara kwa mara kutwa, kila kikilia mtu aandike: meno yanagusana au hapana? Wenye maumivu ya taya walikutwa wanagusanisha mara nyingi kuliko wasio nayo. Mambo si rahisi hivyo kwa kila mtu, maana wapo wanaosaga usiku kucha wakaamka salama, na wapo wenye maumivu makali ambao msuli wao ukipimwa hauonyeshi makubwa. Wasiwasi pia huyafanya maumivu yasikike zaidi, na maumivu nayo yanazaa wasiwasi mpya. Nililala nikijiuliza kama nina kansa ya taya, na kujiuliza kwenyewe kulinikazia taya.

Sasa ushauri, kwa mtu aliyefika hapa akiwa ameshika shavu.

Tafuta kitu cha kukukumbusha. Daktari alisema nibandike vikaratasi vyekundu, lakini ofisi yangu imejaa karatasi tayari. Mimi nilichagua honi. Hapa mpakani haipiti dakika tano bila trela kupiga honi, na kila ikipiga nakagua: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi uko nyuma ya meno ya mbele juu, pale unapokaa ukitamka "n" ya "nne". Siku ya kwanza niliyakuta yamegusana karibu kila honi. Niliona aibu, kama mtu aliyekamatwa akiiba sukari. Baada ya mwezi hivi yalianza kuachana yenyewe.

Jioni taulo lenye maji ya moto shavuni, robo saa. Chakula laini kwa wiki chache, na hapo Uganda imetubariki: matoke, mchuzi wa karanga, uji. Miwa, mahindi ya kuchoma na ule muchomo (nyama choma) mgumu wa kando ya barabara niliviacha. Kahawa baada ya saa kumi jioni pia. Na madereva wangu, sikilizeni: mairungi, yaani miraa, yanachokoza mara mbili, yanaifanyisha taya kazi saa nyingi na yanauamsha mwili huohuo unaotaka ulale.

Baadaye nilitengenezewa kiplastiki cha kuvaa usiku. Kinalinda meno yasilike na kwangu kilipunguza maumivu ya asubuhi, ila wasiwasi hakiugusi. Mtu akikwambia akuchonge meno au akupasue taya kabla hujajaribu haya mepesi, tafuta daktari wa pili kwanza.

Kuna ya kukimbilia hospitali bila kungoja taulo. Taya limekaza na una kidonda, hata cha msumari tu: hiyo yaweza kuwa pepopunda. Maumivu ya taya pamoja na kifua kubana na jasho: huo waweza kuwa moyo. Uso umevimba na una homa, au mdomo umegoma kufunguka hata vidole viwili visipite, nenda siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita mtandao ulipotea mchana kutwa, trela nne zimesimama, simu hazinyamazi. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva, alikuja dirishani kuulizia karatasi zake, akanikuta nimefumba macho, vidole mashavuni, nasema "nnn".

"Mama," akaniuliza, "unaombea mtandao?"