Usilipie hiyo Toyota Aqua kabla hujafungua wavu wa siti ya nyuma

Usilipe! Umeandika muuzaji kakwambia betri ya haibridi "inajichaji yenyewe, haina huduma", na kava za siti anakupa bure. Maneno hayo hayo na kava za namna hiyo zilinitoa milioni 2 na nusu.

Umeuliza inafanyaje kazi. Aqua ni haibridi, yaani ina injini ya petroli ya cc 1,500 na mota ya umeme. Ukiondoka taratibu, mota ndiyo inasukuma. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri kubwa chini ya siti ya nyuma. Kwenye foleni za Dar umeme unaingia na kutoka kutwa nzima, betri inapata moto. Na betri hiyo haipozwi kwa maji. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya mle mle mnamokaa, kupitia tundu lenye wavu hapo kwenye siti. Kava zangu ziliziba tundu lote.

Nikaanza kusikia mvumo nyuma kama kikaushia nywele. Fundi akasema haibridi zote ziko hivyo. Taa za onyo zilipowaka akachomeka mashine ya kusoma makosa ya gari, akakuta P0A80, yaani kosa la betri ya haibridi kuchoka, akaifuta, akachukua elfu 30 yake, akaniambia nitembee tu. Nikatembea wiki tatu na betri inayoungua! Mpaka leo linaniuma. Anayefuta kosa bila kufungua siti huyo si fundi, ni mwizi mwenye mashine.

Kisha akanibadilishia moduli moja iliyokufa, yaani kipande kimoja cha betri hiyo, akaweka kuukuu. Moduli ziko 20, kila moja volti 7.2, zimeungwa mfululizo kufika 144. Moja ikilegea inaziangusha zote. Baada ya miezi miwili ikafa nyingine, halafu nyingine, mpaka nikanunua betri nzima. Fundi wa pili alipofungua feni, vumbi lililotoka lingetosha kupandia mchicha.

Kesho nenda na bisibisi na tochi. Fungua wavu, mulika feni. Ukikuta vumbi limegandamana, usibishane bei, ondoka. Ikiwa safi, mashine isome volti za betri gari likiwa barabarani, linapanda kilima na kufunga breki, maana likiwa limeegeshwa hata betri mbovu inaonekana nzima.

Na kava zake mwachie.