Jibu: Kurekodi kipindi cha redio kutoka kwenye amplifaya

Umeuliza kama unaweza kurekodi kipindi cha usiku wa manane huku umelala, kwa amplifaya yenye redio na kompyuta tu, bila kutafuta deki ya kaseti. Inawezekana kabisa.

Igeuze amplifaya uangalie nyuma. Tafuta matundu mawili, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT. Hayo ndiyo dhahabu yako: kwa kawaida sauti hutoka hapo kabla ya kupita kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza, kwa hiyo hata ukizima spika ulale, rekodi inaendelea vilevile. Tundu la hedifoni nalo linafaa ukikosa hayo, ila ukigusa sauti tu umeharibu.

Upande wa kompyuta, usichomeke waya unaotoka kwenye amplifaya kwenye tundu la maikrofoni. Mimi nilifanya hivyo mwanzoni nikapata mikwaruzo mitupu, kwa sababu tundu hilo limetengenezwa kwa sauti dhaifu sana. Tumia LINE IN, yaani tundu la kupokea sauti kutoka kifaa kingine; kama halipo, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu hilo.

Programu ya Audacity ni ya bure na inakubali kupangiwa saa ya kuanza na ya kumaliza. Acha vilele vya sauti, yaani sehemu zenye sauti kubwa zaidi, viishie karibu na -6 dB kwenye kipimo cha programu, ili sauti isikwaruze. Faili la WAV (sauti isiyobanwa) la kawaida hula takriban MB 10 kwa dakika. Mazungumzo matupu yahifadhi kwa MP3, faili lililobanwa likawa dogo. Na uizuie kompyuta isilale kabla yako!