Ramani na wageni: majibu ya maswali yenu

Maswali yamerundikana tangu mvua zianze, na mengi ni yale yale. Nimeyapepeta kama mchele. Mawe nimeyatupa, isipokuwa mawili matatu niliyoyaacha makusudi ili aliyeyaleta ayaone.

Mwalimu, naomba unitumie ramani ya utalii ya Mtwara kwa WhatsApp. (Msomaji, Majengo)

Sikutumii. Hili ni ombi la tano la namna hii mwezi huu, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema ramani ni ya nini. Ramani ya dereva wa bajaji anayempeleka mgeni Shangani si ramani ya afisa mipango miji anayetafuta pa kujenga vyoo. Andika tena, useme nani ataishika, atakuwa amesimama wapi, na anataka kuamua nini.

Programu gani ya ramani ni nzuri na ya bure? (Mwanafunzi, Mtwara)

QGIS ya kuchorea ramani kwenye kompyuta. KoboToolbox ya kukusanyia taarifa mtaani kwa simu. OpenStreetMap ndiyo ramani ya kuanzia, kwa sababu unaweza kuichukua, kuirekebisha na kuitumia bila kumlipa mtu, mradi useme umeitoa wapi. Haya, umeshajua. Sasa niambie swali lako ni nini, maana umekuja kuulizia sufuria na hujasema unapika wali au unachemsha maji ya kuoga.

Mimi natembeza wageni Mikindani. Nilichukua vipimo vya majengo kwa simu, nikaviandika kwenye daftari, na rafiki yangu akaviingiza kwenye kompyuta. Majengo yote yameangukia baharini karibu na Ureno. Simu yangu ni mbovu? (Kiongozi wa watalii, Mikindani)

Simu yako nzima. Rafiki yako ndiye aliyegeuza namba. Mikindani iko kwenye latitudo -10.28 na longitudo 40.12 hivi. Ukiziweka kinyume unapata 40.12 kaskazini na 10.28 magharibi, na hapo ni katikati ya maji, magharibi ya pwani ya Ureno. Wareno walishakuja wenyewe huku zamani, hakuna haja ya kuwapelekea Boma la Wajerumani. Na mkisahau ile alama ya kutoa kwenye latitudo, Boma lenu litahamia Ethiopia. Kwenye QGIS, X ni longitudo na Y ni latitudo. Andika hivyo kwenye karatasi, ubandike ukutani.

Angalia na jambo jingine. Kama simu inakuonyesha digrii 10 na dakika 16, hiyo si 10.16. Dakika zinagawanywa kwa 60, kwa hiyo ni 10.267. Ukiandika 10.16 umekosea kilomita kumi na ushee, na safari hii hakuna atakayecheka, kwa sababu alama itaangukia nchi kavu na kila mtu ataiamini.

La tatu hukuliuliza, lakini najua linakuja. Ukichukua zile ramani za zamani za serikali na kuziweka juu ya vipimo vya simu, kila kitu kitaonekana kimesogea kama mita 300. Ramani zile zimejengwa juu ya msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na simu yako inatumia WGS 84. Mwambie QGIS kila faili limetoka msingi gani nayo itapatanisha yenyewe. Usivute alama kwa mkono ili "zikae vizuri". Nimeshaona mtu mzima, mwenye cheti, akifanya hivyo.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kuandaa njia ya wageni kutembea Mikindani, kuanzia Boma, kupita vichochoroni hadi ufukweni. Tuna simu tatu na kompyuta moja. Tuanzie wapi? (Vijana, Mikindani)

Anzieni kwa mwenyekiti wa mtaa, na simu ziacheni mfukoni.

Nawaambia hivi kwa sababu najua ramani mtakayochora msipozuiwa. Itakuwa na alama tano: Boma la Wajerumani la 1895, nyumba yenye kibao cha Livingstone aliyepita hapa mwaka 1866, soko la zamani, mlango wa nakshi, na mbuyu. Mgeni atashuka kwenye gari, atapiga picha tano, na kabla ya saa moja kwisha atakuwa amerudi kulala Shangani. Hata dafu hajanunua. Mtakuwa mmeonyesha vitu vilipo, jambo ambalo mgeni mwenye simu alishalijua kabla hajapanda ndege. Alama si mpango.

Njia hiyo itembeeni mara tatu kwanza: alfajiri, saa saba mchana, na magharibi. Saa saba mchana mtajua kivuli kiko wapi, na mtagundua kwamba kuna vipande ambavyo mwezi wa kumi na mbili mtu wa miaka sabini hawezi kuvipita. Watalii wengi wanaokuja kuangalia magofu si vijana. Magharibi mtakuta baraza zina watu, na hapo ndipo mtakapojua kama njia yenu inapita mbele ya nyumba ya mtu au ndani ya maisha yake. Ijumaa mchana msipange kitu chochote karibu na msikiti.

Kisha ndipo mtoe simu. Kila jambo lipewe tabaka lake, yaani karatasi yake ya ramani unayoweza kuiweka juu ya nyingine au kuiondoa: kivuli, maji ya kunywa, vyoo, mitaro, kuta za mawe na chokaa zinazotaka kuanguka, na maduka ya wenyeji wenyewe, si ya mwekezaji peke yake. Mitaro ichukueni wakati wa mvua kubwa, Machi. Mji umekaa kati ya kilima na ghuba, na maji ya kilimani hayana njia nyingine isipokuwa vichochoro hivyo hivyo mnavyotaka kumpitisha mgeni. Ukipima kiangazi utachora njia nzuri ya kuogelea.

Upana wa vichochoro pimeni kwa futi kamba. Picha ya setilaiti haiwezi kuwaambia, kwa sababu mabati na miti vimefunika. Kichochoro cha mita moja na nusu kikisimamishwa wageni ishirini wanaosikiliza hadithi ya biashara ya utumwa, mama aliyebeba ndoo hana pa kupita. Wakiwa wanane anapita. Basi mmeshapata sheria ya kwanza ya njia yenu: kundi moja, watu wanane. Hiyo namba imetoka ardhini kwenu, na mtu akiwauliza mtamwonyesha kipimo.

Tabaka la mwisho ndilo ninalolidai kwa kila kikundi, na wengi wanalikwepa: tabaka la hapana. Waulizeni wazee, na kando kabisa waulizeni kina mama, ni wapi hawataki mgeni afike. Makaburi. Kisimani saa za kuoga. Mahali pa unyago. Tabaka hilo lichoreni kwa uangalifu kuliko mengine yote, mpindishe njia iyakwepe maeneo hayo, halafu msilichapishe popote. Ukichapisha ramani ya mahali pa siri ukaandika "usifike", umeshampa mgeni anwani.

Mkimaliza hayo ndipo mniandikie kuhusu rangi za mistari.

Je, tutumie vibao vya anwani za makazi? (Msomaji, Chuno)

Ndiyo. Vimeshasimama tangu kazi ile ya 2022, na jina la mtaa kwenye ramani yako liwe lile lile lililo kwenye kibao. Acheni kubuni majina matamu ya kuwafurahisha wageni. Mgeni akipotea atamuuliza bodaboda, na bodaboda hayajui majina yenu mapya.

Nimeona mahali kasa wanapotaga Msimbati. Niweke alama ili wageni wapafikie kwa urahisi? (Msomaji, Mtwara Vijijini)

Usithubutu. Eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu 2000, na ina wenyewe. Wape wao taarifa. Kasa akitishwa na tochi anarudi majini bila kutaga, na anayetaka mayai naye ana simu kama wewe. Mgeni aingie kwa lango, alipe ada, aongozwe. Kama umeshaiweka alama hiyo mahali, ifute kabla hujamaliza kusoma hapa.

Droni je? (Msomaji, Ligula)

Kibali kwanza, kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Halafu kumbuka mji huu una bandari, uwanja wa ndege na mitambo ya gesi jirani. Ukikamatwa usitaje jina langu.

Nimepata kiwanja cha kujenga nyumba ya wageni. Kwenye picha ya setilaiti kiko mita 85 kutoka baharini, lakini jirani ananiambia niko ndani ya mita 60. Nani mkweli? (Mjasiriamali, Mtwara)

Jirani yako, nadhani, tena bila kifaa chochote.

Picha ya setilaiti inapigwa kwa sekunde moja. Wewe hujui kama sekunde hiyo maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, na hujui kama ilikuwa siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, au ya maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Pwani yetu ni tambarare, na bamvua likiingia bahari inapanda mita tatu na zaidi. Ule mchanga mweupe uliouhesabu kama ufuko wako, wavuvi wanaufahamu kama mahali pa kutia nanga.

Mimi mwenyewe niliwahi kuaibika hivi. Nilichora njia nzuri ya wageni kutembea ufukweni, nikaipeleka mkutanoni ikiwa na rangi za kupendeza. Mvuvi mmoja aliiangalia kwa utulivu, akauliza: "Mwalimu, hawa wageni wako wana mapezi?" Nusu ya njia ilikuwa chini ya maji kila baada ya wiki mbili. Tangu siku hiyo sichori mstari wa pwani kabla sijaenda siku ya mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa kabisa, nikautembea ule mkufu wa majani na takataka uliosukumwa na bahari.

Fanya hivyo hivyo, pima kutoka hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na haikuandikwa kumkomoa mtu. Kama kati yako na maji kuna mikoko, usiikate ili wageni waone bahari vizuri. Ukiikata, bahari nayo itawaona wageni wako vizuri.

Mji wetu wa Lindi hauna kivutio. Tuweke Kilwa na Tendaguru kwenye ramani ya mji? (Afisa kijana, Lindi)

Kilwa iache Kilwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vimo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, viliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na vikatolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya kuokoa kuta ambazo mawimbi na uchakavu vilikuwa vinazila. Hadithi hiyo inawatosha wao. Kuikopa ili ramani yenu ijae ni kumdanganya mgeni atakayeshuka stendi ya Lindi akiulizia Msikiti Mkuu wa Kilwa.

Lakini neno "hauna kivutio" linaniudhi. Tendaguru iko porini, kaskazini magharibi yenu, kweli. Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na dinosaria mmoja amesimama leo kwenye jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Sasa jiulize alifikaje huko. Wachimbaji na wapagazi walikuwa watu wa kusini. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, kwa miguu, siku baada ya siku, hadi bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Mji wenu ndio ulikuwa mlango.

Hiyo ndiyo njia ya mjini: wapagazi waliingilia upande gani, walipumzika wapi, mifupa ilisubiri meli wapi. Tafuteni wazee ambao babu zao walibeba. Warekodini kwa ridhaa yao, mtembee nao, kila wanaponyoosha kidole mchukue kipimo. Pale wanapohitilafiana wawili, andikeni yote mawili. Fanyeni kabla wazee hawajaisha. QGIS itakuwepo hata mwakani.

Nataka kujua wageni wanapita wapi mjini kwa kufuatilia simu zao. Inawezekana? (Msomaji, Mtwara)

Bila ridhaa yao, usijaribu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mahali alipo mtu si mali yako. Weka vijana wawili wawili kwenye kona tatu, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wahesabu kwa kalamu. Hesabuni msimu wa korosho pia, nyumba za kulala wageni zikijaa wanunuzi, msije mkawahesabu kama watalii mkajipongeza.

Mwanangu, vijana wenu walipita mtaani kwetu na simu, wakapiga picha nyumba yangu. Sasa wageni wanabisha hodi wanataka maji ya chupa. Wanasema kwenye ramani nina duka. Mimi sina duka. (Mama, Mikindani)

Shikamoo mama, na utuwie radhi. Kijana aliona ndoo na meza barazani akaandika duka bila kukuuliza. Nimemrudisha apite upya mtaa mzima, safari hii akipiga hodi. Hilo duka nimelifuta Jumatatu. Shida ni kwamba waliokwisha kupakua ramani kwenye simu zao wanabaki na ile ya zamani mpaka waisasishe, kwa hiyo bado atakujia mmoja au wawili. Waambie limefungwa.