Soma Kwanza Kimya cha Mama: Kwa Wanaoanza Kusoma Tamthilia za Mabinti wa Wahamiaji

Nimefundisha tamthilia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa muda wa kutosha kulitambua kosa ambalo karibu kila mmoja wenu atalifanya siku atakapokabidhiwa tamthilia inayomhusu binti wa wahamiaji aliyezaliwa ugenini. Mtaandika kwamba binti huyo amegawanyika kati ya tamaduni mbili, mtachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja nyumbani kwa wazazi na upande wa pili nchi aliyozaliwa, kisha mtaona kazi imekwisha. Nami niliandika hivyo nilipokuwa mwanafunzi, nikapewa alama nzuri, na alama hizo zilinichelewesha miaka kadhaa. Mstari huo hauigiziki. Mwigizaji huingia jukwaani kwa sababu kuna kitu anakitaka kutoka kwa mtu fulani, na mtu huyo hataki au hawezi kumpa. Mkishajua binti anataka nini na ni nani anayemnyima, ndipo mtakuwa na tamthilia mikononi.

Nawashauri muanze na Leave Taking ya Winsome Pinnock, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Liverpool mwaka 1987. Pinnock mwenyewe alizaliwa London kwa wazazi waliotoka Jamaica, na alianza kuandika katika muongo ambao wanawake weusi wa Uingereza walikuwa wakijijengea jukwaa lao wenyewe. Kundi la Theatre of Black Women lilianzishwa mwaka 1982 na wanawake vijana watatu waliokuwa wamemaliza masomo ya uigizaji. Katika Leave Taking yumo Enid, mama aliyehama Jamaica, na binti zake wawili, Del na Viv, waliokulia London. Tamthilia inafunguka kwa Enid kuwapeleka mabinti hao kwa Mai, mwanamke wa Kijamaika mwenye elimu ya obeah, yaani uganga wa jadi wa Karibiani, katika chumba chake cha kupanga.

Kabla hamjaandika neno lolote la uchambuzi, chukueni karatasi mwandike kila swali ambalo mabinti hawa wanauliza kuhusu walikotoka, na pembeni yake jina la aliyejibu. Mtaona jinsi Enid anavyoikwepa Jamaica, na jinsi Brod, rafiki wa familia, anavyoijaza nafasi hiyo kwa simulizi. Viv ni hodari wa masomo, lakini katika vitabu anavyosomeshwa hajioni. Del amechoka, na nyumbani hakukaliki. Wote wawili wanaitafuta habari ileile iliyofungiwa kifuani mwa mama yao. Hivyo swali la ubinti huu ni swali la urithi uliozuiliwa, na anayeuzuia ana sababu zake: kule Jamaica mama mzazi wa Enid anaumwa, kisha anafariki, na Enid hakuwa karibu naye. Anayetaka kumwelewa binti wa kizazi cha pili ni lazima aelewe kwamba mama naye ni binti wa mtu aliyeachwa ng'ambo. Somo hili lilinichukua muda mrefu kuliko yote, na nisingependa liwachukue ninyi muda huohuo.

Sheria pia isomeni, walau kwa ufupi. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 iliwahesabu watu wa makoloni, wakiwemo Wajamaika, kuwa raia wa Uingereza na makoloni yake. Baada ya Jamaica kupata uhuru mwaka 1962, na kwa sheria zilizofuata, mlango ulizidi kubanwa, hata watu waliofundishwa shuleni kwamba wao ni Waingereza wakaja kutakiwa kuthibitisha hivyo. Uchungu wa Brod umetoka hapo. Tamthilia hii iliporudishwa jukwaani katika ukumbi wa Bush, London, mwaka 2018, mwaka huohuo Uingereza ilitikiswa na kashfa ya Windrush, wazee waliohamia wakiwa watoto walipokuwa wakifukuzwa kazi na hata kurudishwa makwao kwa kukosa karatasi.

Sasa kuhusu Mai. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayemwita mchawi, na kila mwaka ninamwomba alifute neno hilo. Lugha yetu inatofautisha uchawi na uganga, na tofauti hiyo ni msaada mkubwa hapa, kwa kuwa sheria ya Jamaica ya mwaka 1898 iliiharamisha obeah yote bila kuuliza nani anaponya na nani anadhuru. Mama anayewapeleka watoto wake wakatazamiwe si jambo la ajabu kwa msomaji wa pwani yetu. Wengi wetu tunakijua chumba kile, na tunaijua pia aibu ya kuonekana tukitoka humo. Mwigizeni Mai kama mtaalamu aliyechoka na kazi yake.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la lugha. Enid anazungumza Kijamaika, na tulipozitafsiri kurasa chache kwa zoezi la darasani, nilimpa Kiswahili kilichovunjika upatanisho, "kitabu yangu" na "mtoto ile", nikidhani nimeuonyesha ugeni wake. Darasa lilicheka tangu sentensi ya kwanza, hata pale Enid anapolia. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimsoma Enid aliishusha karatasi polepole, akasema, "Mwalimu, mama yangu akiongea lugha yake hakosei." Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata tulimpa Enid Kiswahili cha shamba cha Unguja, chenye sarufi yake timamu na mafumbo yake, mabinti wakapewa Kiswahili cha mjini cha haraka, na mara moja ikasikika kwamba wao ndio waliokuwa wakikosa maneno mbele ya mama yao. Mkitafsiri, basi, msiifanye lugha ya mama kuwa upungufu.

Mwishoni Enid na Del wako chumbani kwa Mai, na sasa binti ndiye anayekishika kiganja cha mama yake. Msiliharakishe tendo hilo, wala msiongeze muziki. Yule mwanafunzi wetu, akiwa Enid, alipofika hapo alikawia kuutoa mkono; aliufuta kwanza kwenye kanga, mara mbili, kama mtu aliyetoka kuosha vyombo, ndipo akaufungua.