Kabla Hujamuua Mtoto Kwenye Hadithi Yako, Msomee Mtu

Kama unaandika hadithi na umekwama, tenga jioni moja utazame The Man Who Invented Christmas, filamu ya mwaka 2017. Ni London ya 1843, Charles Dickens, mwandishi wa Kiingereza, yuko mbioni kuandika A Christmas Carol, hadithi ya Scrooge, mzee bahili. Riwaya yake ya wakati huo hainunuliki kama zilizotangulia, fedha zimembana, na Krismasi inakaribia. Hadithi aliimaliza kwa takribani wiki sita tu, na gharama za kuchapa akazibeba mwenyewe. Kitabu kilitoka tarehe 19 Desemba, na nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya Krismasi.

Wengi hupenda pale wahusika wanapomjia chumbani na kubishana naye, hasa Scrooge aliyeigizwa na Christopher Plummer. Nami nazipenda sana sehemu hizo. Lakini ukiwa mwandishi, mwangalie zaidi Tara, msichana wa kazi. Dickens anamsimulia hadithi, na Tara anapojua kwamba Tiny Tim, yule mtoto mgonjwa, atakufa, anakataa katakata. Dickens hataki kusikia.

Tara ni wa kubuniwa. Hata hivyo, mswada halisi ulioandikwa kwa mkono upo mpaka leo, umehifadhiwa Morgan Library, New York, na ndani yake hayamo yale maneno yanayotamka wazi kwamba Tiny Tim hakufa. Yaliongezwa baadaye, kabla kitabu hakijachapwa. Mwandishi mkubwa kiasi kile, na jambo zito kama hilo bado alikuwa hajalifunga!

Mimi hadithi zangu namsomea mama mdogo, jikoni, akiwa anachambua mchicha. Akiuliza, "Huyu naye katokea wapi?" najua nimemwingiza mtu bila kumtambulisha. Mikono ikiendelea na mchicha kwa kasi ileile mahali nilipotaka ashtuke, naweka alama pembeni. Niliwahi kumsomea kisa cha mvuvi anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi, mkewe akampokea na kumsamehe palepale. Mama mdogo akaweka kisu chini. "Mwanamke gani huyo? Hata hajamuuliza alikuwa anakula kwa nani!" Nikalitia swali hilo kinywani mwa mke, na mazungumzo yote yaliyofuata yakabadilika.

Kwa hiyo soma kwa sauti, na usome mapema, mwisho wa hadithi ukiwa bado laini. Mtafute mtu anayekupenda lakini haoni haya kukukatiza. Asipoelewa, usianze kumweleza ulichokusudia, kwa sababu msomaji wa mbali hatakuwa nawe umfafanulie. Akikupa dawa ya tatizo, mshukuru na uiweke kando. Mara nyingi dawa yake haifai. Maswali yake ndiyo ya kuandika, tena kwa maneno yake mwenyewe, siku hiyohiyo.