Mpishi wa Chekechea Mfunze Kubadilisha, Usimpe Menyu ya Kubandika

Ingia jikoni mwa chekechea yoyote hapa Malindi, iwe Maweni, Barani au kule Msabaha, utakuta karatasi ukutani. Jumatatu wali na maharagwe, Jumanne sima na mchicha, Jumatano wali kwa samaki, Alhamisi pojo. Imechapwa vizuri, pengine na picha ya tufaha jekundu pembeni, tunda ambalo watoto wa hapo huliona kwa wauzaji tu. Kisha funua sufuria. Mara nyingi kilichomo sicho kilichoandikwa, na usimlaumu mpishi. Samaki siku hiyo hawakupatikana, au walipatikana kwa bei isiyoshikika, na aliyeandika menyu hakumwambia samaki wakikosekana atie nini mahali pao. Basi akapika wali na mchuzi wa viazi. Watoto wameshiba, lakini wamekula wanga juu ya wanga.

Kwa hiyo nikiitwa kuwafunza wapishi na walezi wa vituo vya watoto, siendi na menyu. Naenda na kikapu. Njiani napitia sokoni, nanunua kinachouzwa asubuhi hiyo: pojo, mbaazi, kimarawali wakavu (wale samaki wadogo kama dagaa), mayai mawili matatu, mchicha, majani ya mronge, mihogo, ndizi, papai, nazi, ndimu, pakiti ya maziwa. Tukifika tunatandika mkeka, kila kitu kinatolewa, na nawaambia wapishi wavipange wenyewe kwa mafungu: cha kujenga mwili, cha kutia nguvu, mboga, matunda, maziwa, mafuta. Mimi nanyamaza. Ubishi unaozuka hapo unafunza kuliko maneno yangu yote.

Ubishi wa kwanza huwa ni wa nazi. Mama mmoja aliniambia, “Mwalimu, mimi pojo zangu nazipika kwa tui la kwanza, zito. Sasa maziwa ya nini tena?” Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Sisi watu wa pwani chakula kikiwa na tui tunaona kimekamilika, na kwa utamu ni kweli kimekamilika. Lakini tui ni mafuta hasa. Protini yake ni kidogo na kalisi ya kujenga mifupa ni haba mno, halifikii maziwa hata kwa mbali. Linakaa fungu la mafuta, na lina faida yake huko: vitamini A iliyo kwenye mboga za majani na papai mwili huichukua vizuri zaidi kukiwa na mafuta kidogo. Maziwa yakiwa ghali, na mara nyingi ni ghali, mbadala wake wa karibu ni maziwa ya mgando, au kimarawali wanaoliwa na mifupa yao. Kuongeza nazi ya pili hakusaidii.

Ubishi wa pili ni wa viazi na mihogo: viwekwe kwenye mboga au kwenye vya kutia nguvu? Hapa nawaeleza habari ya Marekani, maana inachekesha na inafunza. Wenzetu kule wana mpango wa serikali unaovirudishia vituo vya malezi fedha za chakula cha watoto, unaitwa Child and Adult Care Food Program. Sheria zake hazituhusu sisi, lakini zina busara moja ninayoipenda: hazimwambii mpishi apike nini. Zinamwambia chakula cha mchana cha mtoto wa miaka 3 hadi 5 kiwe na vitu vitano, yaani maziwa, cha protini, mboga, tunda na nafaka, na kila kimoja kina kipimo chake. Maziwa robo tatu ya kikombe. Mboga robo kikombe. Tunda robo kikombe. Protini ikiwa ni maharagwe au jamii yake, yaliyokwisha kupikwa, ni kikombe nusu kasoro kidogo. Ndani ya fungu mpishi ana uhuru wake. Akitoka nje ya mafungu, mlo ule haulipwi.

Sasa, Wamarekani kiazi wanakihesabu kuwa mboga. Hapo ndipo mimi naachana nao. Mtoto wa Malindi kiazi anakikuta kwenye pilau, kwenye biriani, kwenye bhajia na kwenye mchuzi, na wali upo pale pale. Tukikihesabu mboga tumejidanganya. Kwa mafunzo yangu kiazi, mhogo, ndizi mbichi na nafaka vyote ni fungu moja, na sahani ikishakuwa na kimoja kati ya hivyo, fungu hilo limefungwa.

Mafungu yakishakubaliwa, kazi yenyewe ndiyo inaanza. Naokota kitu kimoja mkekani, nakificha nyuma ya mgongo na kuuliza: hiki leo hakipo, unatia nini? Sharti jibu litoke fungu lile lile. Samaki wamekosekana, basi mbaazi, au pojo, au mayai, au kimarawali wakavu wa kusagwa. Mchicha umekosekana, basi majani ya kunde, kisamvu, mtsunga, mronge. Papai halipo, ndizi mbivu ipo. Baada ya muda wapishi wanatiana mitihani wenyewe kwa wenyewe na mimi nakaa pembeni.

Zoezi hili lina uzito hapa kwetu kwa sababu ya pepo. Kusi likivuma, kama kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari inachafuka na mashua ndogo nyingi hazitoki. Menyu iliyoandikwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na maembe yameenea, haiwezi kuishi wakati wa kusi. Kituo chenye akili kina daftari la mabadiliko ya misimu miwili: wakati wa kusi protini inategemea kunde, mbaazi na mayai, wakati wa kaskazi samaki wanarudi. Mboga nazo hivyo hivyo. Mvua zikinyesha kuna mchicha kila upande, kiangazi kikikaza unabaki na mronge, maana mti ule hustahimili ukame. Kituo chenye kiwanja na kisicho na mronge uani mimi siwaelewi.

Kimarawali wanahitaji maelezo yao, kwa kuwa wapishi wengi hawawatilii watoto kwa kuogopa miba na mchanga. Wachague, ondoa vijiti na vichafu. Waoshe kwa maji mengi mara kadhaa, ukiwainua kwa mkono kutoka kwenye beseni; ukimimina beseni zima, mchanga uliotuama chini unarudi nao. Waanike wakauke tena, wakaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, kisha twanga kwenye kinu na uchekeche. Unga ule unatiwa kwenye mchuzi wa nyanya au kwenye mboga za majani, na hakuna mtoto atakayekwamwa na mwiba. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, wengi huja na chumvi yao kutoka baharini.

Kipimo ndicho kinachosahaulika zaidi. Wapishi wetu hupima kwa macho na kwa mafungu ya sokoni, na fungu la mchicha halina kilo: leo limejaa, kesho muuzaji amelikondesha. Basi tunapima kilichoiva. Nabeba kikombe cha robo lita, na kila mpishi anapakua robo kikombe ya mboga iliyopikwa kwenye sahani ya mtoto, aione kwa macho yake. Wengi hushangaa mboga wanayopakua kila siku ni kijiko kimoja tu, na wali ni mlima. Kisha tunapiga hesabu ya kurudi nyuma. Watoto 40, kila mmoja kikombe nusu kasoro kidogo cha pojo zilizoiva, ni kama vikombe 15. Pojo kavu zikipikwa huongezeka mara mbili na nusu au zaidi, kwa hiyo unahitaji vikombe 6 vikavu, karibu kilo moja na robo. Kituo kinachonunua nusu kilo kwa watoto hao kinawapa mchuzi wa rangi ya pojo.

Na hesabu hiyo aisikie anayenunua. Hili nalisisitiza kwa wenye vituo mpaka wananiona msumbufu: mafunzo ya mpishi peke yake ni nusu ya mafunzo. Katika vituo vingi mpishi hashiki pesa. Anayekwenda sokoni ni mwalimu mkuu, au mume wake, au kijana wa bodaboda aliyetumwa na noti. Kijana yule asipojua kwamba mbaazi ni mbadala wa samaki na kabeji ni mbadala wa mchicha, atarudi na kabeji mbili na kusema samaki hawakuweko. Mwite. Mkalishe mkekani na wengine.

Asubuhi, chai ya rangi na mahamri ndiyo desturi, na najua nikigusa hapo nagusa nyumba za watu. Nyumbani endeleeni. Kituoni chai iondoke, kwa kuwa majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na kunde, na watoto wadogo ndio wanaopungukiwa damu kwa urahisi. Mahali pake uweke uji, uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kukimbia, maana tumbo la mtoto ni dogo na uji wa majimaji unamjaza kabla hajapata kitu. Ukitaka uwe laini bila kuongeza maji, tia kimea kidogo cha wimbi wakati uji bado wa moto, kisha urudishe uchemke. Wakati wa chakula cha mchana kamulia ndimu kwenye pojo, au toa papai pale pale. Vitamini C inasaidia chuma kuingia.

Unga wa kuchanganya vitu kumi, yaani mahindi, wimbi, mtama, soya, karanga na dagaa mfuko mmoja, siupendi. Karanga na mahindi vikilala kwenye joto na unyevu wa pwani huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao Ukambani. Nafaka moja au mbili zinatosha, zikasagwa kidogo kidogo, na protini ije sahanini peke yake ikionekana. Na ukinunua unga wa pakiti, tazama alama ya urutubishaji: tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa pakiti wa mahindi na ngano waongeze vitamini na madini. Unga wa kusagisha mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, basi ukiutumia zidisha mboga na kunde.

Upande wa usafi afisa wa afya ya umma atakuja, na la kwanza atakalouliza ni cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Andika tarehe ya mwisho kwenye mlango wa kabati. Mengine mawili huwa nayasema kwa sauti. Jodari na vibua vilivyokaa juani bila barafu vinaweza kutengeneza sumu isiyouawa na moto. Mtoto atawashwa, atakuwa mwekundu usoni, na watu watadhani samaki wanamdhuru kwa asili yake. Kama hukuona barafu, pika mbaazi. La pili ni kiporo cha wali. Wali ukikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto letu unaweza kuwa na sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Mtu mzima akila kiporo chake ni hiari yake. Mtoto wa watu, hapana.

Ramadhani inaleta shida yake ndogo. Watoto wanakula, mpishi amefunga, na wengi hawapendi kuonja. Chakula hutoka ama chapwa ama cha chumvi kali. Tiba yake ni kuandika mapishi kwa vijiko, mapema, Shaaban haijaisha: sufuria ya watoto 40, chumvi vijiko vidogo vingapi, mafuta vijiko vikubwa vingapi. Wapishi waliolalamikia kuandika huona faida yake mwezi huo.

Na kuandika kwenyewe kuwe kwa kilichopikwa. Daftari la shilingi chache lenye safu nne linatosha: tarehe, kilichopangwa, kilichopikwa, idadi ya watoto waliokula. Kilichopangwa kikibadilika, kikatwe kwa mstari mmoja na mbadala uandikwe pembeni, bila kufutwa. Nikirudi kituoni baada ya muda naomba daftari hilo kabla ya kuangalia kitu kingine. Lisilo na mistari ya kukata hata moja tangu kusi lianze linanitia shaka, na hapo naomba tufunue sufuria.