Jibu: Kondo la nyuma si chujio

Ndugu, umeuliza kama kondo la nyuma ni chujio tu la kupitishia asidi amino (vijenzi vya protini) kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. La hasha! Ukipima damu ya kijusi, asidi amino nyingi zimo kwa kiwango kikubwa kuliko kwenye damu ya mama. Chujio haliwezi kupandisha kitu mlima, lazima nishati itumike.

Kazi hiyo hufanywa na protini za usafirishaji zilizopachikwa kwenye tabaka la seli zilizoungana linaloogeshwa na damu ya mama. Mojawapo, iitwayo SNAT2, huvuta asidi amino kama alanini na glisini kwa msaada wa sodiamu. Nyingine, LAT1, nayo hufanya biashara ya kubadilishana: inatoa asidi amino iliyorundikana ndani, inaingiza leusini. Glutamati, asidi amino nyingine, ndiyo inayonivutia zaidi, maana kondo huichukua kutoka kwa mtoto na kuichoma yenyewe ipate nguvu.

Kuhusu jeni, kuwa mwangalifu na vipimo vya RNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) pekee. Asidi amino zikipungua, seli huweza kuongeza usomaji wa jeni ya SNAT2. Wakati huohuo, mfumo wa mTOR, unaohisi hali ya virutubisho ndani ya seli, ukizimika, protini hiyo huondolewa kwenye utando wa seli. RNA ipo, usafirishaji umeshuka. Kwenye mimba ambazo mtoto hakui ipasavyo tumboni, utendaji wa mfumo huu wa SNAT umekutwa umepungua, kwa hiyo pima usafirishaji kwenye utando wenyewe pia.